Mfungaji Kutoka Chumba cha Mashuka

Kwa miaka kumi na moja Mama Pacha alifunga magoli ya mpira wa pete bila kujua anafungaje, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Hospitali nzima ilimjua Jumamosi tu. Siku nyingine alikuwa chini ya jengo, kwenye chumba cha kufulia, kule ambako bomba la mvuke linapita juu ya vichwa na kuta zinatoka jasho kuliko watu. Madaktari waliopiga kelele uwanjani mpaka sauti zikawakauka, Jumatatu walimpita kwenye korido kama wanavyopita toroli. Hakuwalaumu. Ndani ya koti la kazi na kofia ya plastiki hata yeye asingejitambua.

Urushaji wake ulikuwa kitu cha kuchekesha mpaka uone matokeo. Aliuweka mpira juu ya kiganja cha kulia kama mhudumu wa hoteli na sinia lake, mkono wa kushoto ukining'inia kama ameuazima kwa mtu na anaogopa kuuchafua. Kisha aliusukuma juu, na kabla mpira haujaondoka vizuri kichwa kilikuwa kimeshageukia pembeni, kama mtu aliyeitwa na jirani. Katika mirusho kumi alikosa mmoja, na huo mmoja watu waliuzungumzia wiki nzima kwa sauti ya chini.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Katika timu ile ya hospitali, aliyevuka arobaini akanyang'anywa kizibao hakipati tena. Anahamishiwa kwa heshima zote kwenye kamati ya maji na machungwa: anakaa benchi na ndoo, anakata machungwa vipande, na kila mtu anamwita "mama yetu" kwa upole unaotia kichefuchefu. Wenzake watatu walishakwenda huko na hajarudi hata mmoja. Na kile kizibao chenye herufi za mfungaji kilikuwa kitu pekee ambacho Mama Pacha hakugawana na mtu. Kitanda aligawana na Baba Pacha, bafu na wapangaji wanne, na hata jina lake lilikuwa la mabinti wake wawili kabla ya kuwa lake. Kizibao kilikuwa cha kwake peke yake.

Ndipo akaletwa kocha mpya.

Wachezaji walimwita Bwana Futi tangu siku ya kwanza, kwa sababu alitoa futikamba kabla ya kutoa salamu. Alipima nguzo, akapima duara la kufungia, akapima umbali kati ya kidevu na bega la kila mchezaji, akaandika. Shingoni alikuwa na filimbi mbili: moja ya kupuliza, na nyingine, kwa kadiri ilivyojulikana, ya kuliwaza ile ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, aliyewaita wote "dada" hata wale waliomzidi mama yake umri. Tatizo lake lilikuwa imani. Aliamini kwamba kila kinachofanywa na mwili kinaweza kuelezwa, kikishaelezwa kinafundishika, na kikishafundishwa kinakuwa bora. Mtu wa namna hiyo ni hatari kuliko mlevi, maana mlevi akilala anaamka mzima.

Siku ya pili alimrekodi Mama Pacha kwa simu, akamwita pembeni na kumwonyesha picha ikienda polepole. Hapo ndipo mwanamke yule alipojiona kwa mara ya kwanza. Aliona mtu mnene kiasi, mguu mmoja mbele, akitupa mpira kama anavyotupa kitu asichokitaka tena, na kugeuza shingo kabla kazi haijaisha. Aliona aibu kwa niaba ya mwanamke huyo.

"Dada, kuna vitu vitatu," Bwana Futi akasema. "Uwezo ni ule uliozaliwa nao: kimo, jicho, wepesi. Ufundi ni namna sahihi ya kufanya tendo. Ustadi ni kulifanya tendo hilo wakati wake, hata mtu akikupumulia puani." Akafungua daftari. "Wewe uwezo wako ni wa wastani. Ustadi wako ni mkubwa sana. Ufundi wako ni sifuri."

Mama Pacha alibeba maneno hayo mpaka nyumbani kama mtu aliyepewa mfuko bila kuambiwa una nini ndani. Kama ustadi ni kufanya jambo sahihi kwa wakati wake, na jambo lake lilikuwa si sahihi, basi miaka yote hiyo alikuwa akifanya nini kwa wakati wake? Ni kama kuambiwa nyumba yako ina paa zuri sana, ila haina kuta. Kesho yake alimuuliza Nahodha, ambaye mbali na kuongoza timu alikuwa mwenzake wa kukunja mashuka, huyu ncha hii na yule ncha ile, tangu walipoajiriwa. Nahodha alifikiri kwa urefu wa shuka moja na nusu, kisha akasema kwamba sifuri nayo ni namba, shoga, wako wasio na hata hiyo.

Ufundi mpya ulikuwa na mambo saba. Miguu iachane kwa upana wa mabega. Magoti yapinde. Kiwiko kikae chini ya mpira. Mkono wa kushoto uushike mpira ubavuni. Mpira utoke kwa kifundo cha mkono. Vidole vibaki hewani vimeinama kama shingo ya bata. Na macho yabaki kwenye pete mpaka mpira utue. Mama Pacha alipiga hesabu. Sheria inampa mfungaji sekunde tatu akishashika mpira, na mambo ni saba. Alipofika kwenye magoti, sekunde zilikuwa zimeshakwenda zake.

Wiki ya kwanza alifunga manne katika kumi. Wiki ya pili, matatu. Bwana Futi alimtuliza, akachora kwenye daftari mstari uliozama kama bakuli, akaeleza kwamba anayebadilisha ufundi hushuka kwanza halafu hupanda. Mama Pacha aliuliza sakafu ya bakuli hilo ina upana gani. Kocha akasema inategemea mtu.

Utasema, si angerudia mtindo wake wa zamani? Alijaribu. Jioni moja wenzake walipoondoka alibaki peke yake uwanjani, akaweka mpira kiganjani, akaulegeza mkono wa kushoto, akageuza kichwa. Mpira ukapita mbali na nguzo, tena kwa dharau. Kumbe hakuwa anarusha kama zamani. Alikuwa anamwiga yule mwanamke wa kwenye simu, na kumwiga mtu ni kazi nyingine kabisa, hata kama mtu huyo ni wewe.

Nyumbani hali iliambukiza. Baba Pacha alikuwa kinyozi, mwenye kiti kimoja na kioo kirefu, mtu aliyenyoa vichwa miaka ishirini huku akibishana kuhusu kila jambo duniani isipokuwa nywele. Wakiwa mezani mkewe alimuuliza, kwa nia njema kabisa, mashine inapopanda kisogoni, mkono wa kushoto huwa unafanya nini. Baba Pacha akacheka. Kisha akaacha kutafuna. Akainua mkono wa kushoto, akautazama mbele na nyuma, akaushusha. Siku iliyofuata alimnyoa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake akawa anauangalia mkono ule wa kushoto ili ajue. Mwalimu alitoka na kisogo chenye ngazi tatu, na wanafunzi, ambao hawana huruma popote walipo, walizihesabu kwa sauti. Baba Pacha alirudi akamwomba mkewe, mke wangu, mama watoto, maswali ya namna hiyo akamuulize kocha wake.

Kwenye timu alikuwepo pia Twiga, mhudumu wa wodi, binti wa miaka ishirini na miwili aliyeinama kila alipopita mlangoni. Alikuwa mfungaji wa akiba. Mambo saba ya Bwana Futi aliyashika kwa siku mbili, na alivyorusha ungetamani kumchora: goti, kiwiko, shingo ya bata, vyote mahali pake. Hakuwa na majivuno hata kidogo. Alimwita Mama Pacha "mama", akamwokotea mipira iliyokosa, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa sababu mtu anayekuokotea kwa heshima huwezi hata kumchukia vizuri.

Mechi iliyokuwa inakuja ilikuwa na timu ya kiwanda cha sabuni, na atakayeshinda angepanda daraja la juu. Bwana Futi akatangaza kwamba Alhamisi kabla ya mechi, Mama Pacha na Twiga watarusha mirusho thelathini kila mmoja, na atakayefunga mingi ndiye atavaa kizibao. Kila mtu akamtazama Mama Pacha, kisha kila mtu akaona kitu cha kufanya kwenye kamba za viatu vyake.

Jumanne ya wiki hiyo kocha alishuka chumba cha kufulia kuleta ratiba. Alifika mlangoni akasimama, maana ndani kazi ilikuwa imekolea. Mashuka yalitoka kwenye mashine ya kukaushia yakiwa ya moto, Nahodha na Mama Pacha wakayakung'uta, wakayakunja mara tatu. Yakifika matano, Mama Pacha alilibeba furushi kwa kiganja kimoja na kulirusha kwenye rafu ya juu kabisa, juu ya bomba la mvuke. Ngazi waliwahi kuwa nayo. Mafundi rangi waliiazima miaka mingi iliyopita, na kwa habari zilizopo ilikuwa bado iko kazini, idara nyingine. Basi walizoea kurusha. Na kwa kuwa Nahodha alikuwa tayari anamnyooshea ncha ya shuka lingine, Mama Pacha aligeuka kulipokea kabla furushi halijatua. La kwanza, la pili, la tatu. Yote yalikaa kwenye rafu yamepangana kama vitabu.

Bwana Futi aliitoa futikamba polepole, kama mtu anayetoa kofia mbele ya jeneza. Alipanda juu ya kikapu cha nguo chafu, akapima. Rafu ilipungua kiganja kimoja tu kufikia kimo cha pete.

Mama Pacha mwenyewe hakuwahi kufikiria jambo hilo hata dakika moja. Mashuka yalikuwa kazi, mpira ulikuwa Jumamosi. Alimsikiliza kocha akieleza, sauti ikimtetemeka kwa furaha, kwamba ile sifuri imefutwa, kwamba ufundi anao, ila ni ufundi wa mashuka, mirusho mia kila siku kwa miaka kumi na moja, hakuna mchezaji duniani mwenye mazoezi ya namna hiyo. Alifurahi naye kidogo, kwa adabu. Lakini akilini alijiuliza: kama mkono ulijifunza wenyewe huku yeye anapiga soga na Nahodha, je, anayestahili kizibao ni nani?

Mtu mwingine angeishia hapo, angemwambia dada rudi kwenye mtindo wako, yakaisha. Bwana Futi hakuwa mtu mwingine. Jumatano saa kumi, zamu ilipokwisha, aliishusha timu nzima chumba cha kufulia, akaipanga mstari, akaiamuru irushe mafurushi. Yalirushwa sitini, yakafika rafuni kumi na moja. Mengine yalining'inia kwenye bomba, mengine yakafunguka hewani, na moja likatua kwenye ndoo ya wanga. Mchezaji wa katikati alipotea chini ya shuka la kitanda kipana, akawa anatafuta njia kwa mikono.

Kocha hakukata tamaa. Alimwita Mama Pacha mbele, akamwomba awaonyeshe, polepole, huku akieleza kila hatua.

Mama Pacha alishika furushi. Akasema kwanza unaweka mkono chini. Akasita: mkono gani? Akautazama wa kulia. Akaitazama rafu, ambayo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuitazama, akashangaa ilivyo juu. Kisha akarusha. Furushi lilipiga bomba, likafunguka, na mashuka matano yakamshukia Bwana Futi kichwani moja baada ya jingine, bila haraka. Wakati huohuo Sista Mkuu alifungua mlango. Aliona watu wawili, kocha na yule mchezaji wa katikati ambaye alikuwa bado hajapata njia, wamesimama wamefunikwa mashuka meupe, akauliza kwa upole ni akina nani wamefariki. Alipoelezwa, upole uliisha. Kila kilichogusa sakafu kifuliwe upya, na michezo ikafanyiwe kwenye viwanja.

Walifua mpaka saa mbili usiku. Asubuhi yake Nahodha aliburuta meza na kuweka kiti juu yake, kwa sababu Mama Pacha alikuwa ameshayapeleka mafurushi manne bombani. Sasa alikuwa amepoteza vyote viwili. Mpira ulikuwa umemkimbia, na mashuka nayo yakaona heri yaufuate.

Alhamisi Twiga alifunga ishirini na moja. Mama Pacha alifunga tisa, na mawili kati ya hayo yaliingia baada ya kugonga nguzo, kwa huruma ya nguzo. Bwana Futi alikikunja kizibao vizuri kabla ya kumkabidhi Twiga, akitafuta pa kuweka macho. Mmoja wa kamati ya maji na machungwa alimsogelea Mama Pacha, akamshika bega, akamwita mama yetu.

Jumamosi, basi, Mama Pacha alikuwa benchi na kisu na gunia la machungwa. Hata hayo yalimshinda. Kila akikata, alijiona anaangalia kiwiko.

Mlinzi wa timu ya sabuni aliitwa Ukuta, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Alikuwa na mabega ya mbeba mizigo na mikono iliyofika mahali ambapo mikono ya watu haifiki. Kazini alikoroga sufuria kubwa za sabuni, na uwanjani alikoroga wafungaji. Mbele yake Twiga alisimama na ufundi wake wote, goti sawa, kiwiko sawa, akasubiri ile mikono iondoke. Haikuondoka. Mwamuzi alipuliza: sekunde tatu zimepita. Ikawa hivyo tena, na tena. Mirusho aliyoipata huru aliifunga kwa uzuri mpaka wapinzani wakamsifu, lakini mirusho huru ilikuwa michache. Robo ya tatu ilipokwisha, sabuni walikuwa na ishirini na tatu, hospitali kumi na nane.

Twiga alikuja benchi anahema. Hakumtazama kocha. Alikivua kizibao mwenyewe, akakishika mbele ya Mama Pacha.

"Ingia wewe, mama. Mimi najua kurusha, ila sijui lini."

"Na mimi sijui vipi, mwanangu," Mama Pacha akasema.

Walitazamana. Kati yao kulikuwa na mfungaji mmoja mzima, bahati mbaya amegawanywa miili miwili. Bwana Futi alifungua daftari, akapekua ukurasa baada ya ukurasa, akalifunga. Akasema sawa, ingia, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Mrusho wa kwanza Mama Pacha alianza na magoti. Akakosa. Wa pili alikumbuka shuka, akakosa upande wa pili. Alikuwa na hakika sasa kwamba hizi ndizo dakika zake za mwisho ndani ya kizibao, na kwamba watoto wake, waliokaa mstari wa mbele na madaftari ya shule mapajani, wanaziona. Mpira ukamfikia mara ya tatu. Ukuta akainua mikono, akasogeza mdomo karibu, akasema kwa sauti ya chini ili mwamuzi asisikie:

"Shoga, nasikia mashuka yenu siku hizi mgonjwa akilala anaamka na mistari mgongoni."

Kuna vitu mtu hawezi kuviacha vipite. Mama Pacha aligeuza shingo amtazame usoni.

"Ni sabuni yenu. Haitoi povu hata ukiitukana."

Aliposema povu ndipo aliposhtukia mikono yake haina kitu. Mpira ulikuwa umeshapita ndani ya pete.

Alidhani ni ajali. Lakini Ukuta alikuwa ameguswa pabaya: sufuria zile alizikoroga miaka tisa, na povu lilikuwa heshima yake. Mpira ulipofika tena alimweleza kwamba povu linataka maji safi, na kwamba kuna watu wanafulia maji ya kuoshea magurudumu. Mama Pacha akamjibu kuhusu sabuni inayopauka kabla ya kufika dukani. Goli. Ukuta akaleta habari ya mito inayonuka dawa. Akajibiwa kuhusu mche unaovunjika kama biskuti. Goli. Walikwenda hivyo, kwa kunong'ona na kucheka, kama majirani wawili kwenye kamba ya kuanikia, na kati ya kila tusi na jibu lake mpira ulipanda na kuingia. Kocha kule pembeni aliandika, akafuta, akaandika. Hakuelewa ni kwa nini wanacheka. Mama Pacha naye hakuelewa, ila hakuwa na nafasi ya kutoelewa. Alikuwa anatafuta la kumjibu yule mwanamke.

Ikawa ishirini na tisa kwa ishirini na tisa. Hapo nahodha wa sabuni, ambaye alikuwa amekaza macho muda mrefu, aligundua mchezo unachezwa wapi. Alipita karibu na Ukuta akamwambia neno moja sikioni.

Mpira wa mwisho ulimfikia Mama Pacha zikiwa zimebaki sekunde chache. Alikuwa karibu na nguzo, mahali pazuri. Ukuta aliinua mikono yake yote, na akanyamaza. Mdomo aliubana kama amemeza gundi.

Mama Pacha alingoja atukanwe. Hakutukanwa. Akajaribu kuanzisha mwenyewe, akasema sabuni yao inachubua, lakini lilitoka kama kauli ya mtu anayesoma tangazo, na Ukuta hakupepesa hata jicho. Ndani ya ukimya huo vyote vikaja kwa pamoja. Kiwiko kilikuja, shingo ya bata ikaja, rafu ikaja na urefu wake wote, yule mwanamke wa kwenye simu akaja akageuza shingo, na kisogo cha mwalimu kikaja pia, ambacho hakikuwa na kazi yoyote pale. Sekunde moja. Hakujua ashike lipi. Sekunde mbili. Hakujua hata mpira uko mkono gani. Kisha haukuwa mkononi.

Alijikuta anatazama kiatu chake. Kwa kawaida alijua mpira umeingia kwa kuwaona wenzake wakirudi katikati, lakini safari hii kipenga cha mwisho kililia na hakuna aliyerudi katikati. Watu walikimbia kila upande. Mtu alimnyanyua. Aliuliza nini, nini, na walidhani anashangilia. Mpaka Nahodha alipomshika mashavu kwa mikono miwili na kumwambia thelathini kwa ishirini na tisa, shoga, thelathini, ndipo alipoacha kuuliza.

Lakini lingine lilibaki: mpira ulirushwaje. Nahodha alisema lilikuwa shuka, shuka kabisa, aliliona. Bwana Futi alisema hapana, aliona kiwiko chini ya mpira, na magoti, na akatoa simu awathibitishie. Picha ilionyesha Mama Pacha akishika mpira, halafu nyasi, halafu viatu vya kocha mwenyewe, halafu mawingu. Alikuwa ameruka. Twiga alipoulizwa alisema aliona mpira tu, mama hakumwona. Watoto wake mmoja alisema aligeuka, mwingine akasema hakugeuka, na hao ni pacha.

Kocha alikuja mbele yake, akasimama wima. Akamwambia kizibao ni chake, msimu mzima wa daraja la juu, na hakutakuwa na mirusho thelathini tena. Mama Pacha akakishika kifuani mahali kilipo. Alishukuru. Alijisikia kama mtu aliyerudishiwa mzigo wake stendi bila kuonyesha tiketi. Anajua ni wake, ila wakimwambia athibitishe hana cha kusema. Jumatatu saa kumi kuna mazoezi, na atasimama chini ya pete ile ile, na mpira utakuja.

Alimwona Ukuta amekaa peke yake kwenye nyasi, anakula kipande cha chungwa kilichokatwa vibaya. Alimfuata, akachuchumaa mbele yake.

"Dada, wewe ndiye uliyekuwa karibu kuliko wote. Hebu niambie. Niliurushaje?"

Ukuta alitema mbegu, akaifikiria ile mbegu.

"Mimi nilifumba macho," akasema. "Nilikuwa nakuombea ukose."

Mama Pacha alikaa chini. Akauliza alifumba tangu lini, tangu mpira ukiwa mkononi au ulipokuwa umeshatoka. Ukuta akasema hata hilo hana uhakika nalo.